Matundu Kumi kwenye Karatasi ya Mkewe

Wivu, jamani, usiombe ukupate kwa mtu mnayelala naye kitanda kimoja. Ukimwonea wivu jirani, unafunga mlango, basi. Ukimwonea wivu mfanyakazi mwenzako, unavumilia mpaka saa ya kutoka. Lakini mke? Mlango unaoufunga ndio huohuo anaoingilia, tena kwa ufunguo wake mwenyewe, tena anakuuliza kama umekula.

Ndivyo yalivyomkuta askari mmoja wa magereza ambaye kambi nzima ilimwita Jicho. Jina hilo hakuliokota. Kila mwaka askari wa kambi walipopimwa shabaha, karatasi yake ndiyo iliyobandikwa ukutani kantini, matundu yote yamejazana katikati. Naye, tuseme ukweli, alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho aligeuka polepole, kana kwamba umemwita mtu mwingine aliyesimama nyuma yake.

Mwaka huo Mzee Baruti, mkufunzi wa shabaha, alikuwa anastaafu. Mkuu wa gereza akatangaza kwenye gwaride kwamba atakayeshinda shindano la mwisho wa mwaka ndiye atakayerithi kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa tamu: hakuna zamu za usiku getini, hakuna kupigwa na mvua kwenye mnara, ni wewe na filimbi yako na uwanja wa kulengea shabaha, ambao askari wote waliuita renji. Jicho hakusubiri shindano. Siku hiyohiyo alikwenda kwenye kibanda cha Mzee Baruti pale renji, akatundika kikombe chake cha bati kwenye msumari wa ukutani.

"Nimekitanguliza tu," alisema.

"Kikombe kimefika," Mzee Baruti akamjibu. "Mwenyewe tutamwona."

Jicho alicheka sana. Alidhani ni utani.

Sasa, mkewe naye alikuwa askari, upande wa wafungwa wanawake. Walikuwa na mapacha wa kike, kwa hiyo yeye aliitwa Mama Mapacha hata na wakubwa wake. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kicheko cha pembeni, na bunduki hakuijali. Mwaka uliotangulia nusura afeli kipimo. Risasi zake nyingi zilikwenda kula mchanga. Watu walicheka, na aliyeona aibu si mwenye risasi bali mumewe.

"Mke wa Jicho unapiga mchanga!" alifoka walipofika nyumbani. "Unataka watu wanionaje?"

"Basi nifundishe," mkewe akasema, kwa upole tu. Akafundishwa.

Bunduki za kazi hazikuruhusiwa kutoka kwenye ghala la silaha, kwa hiyo Jicho alimwomba fundi seremala wa karakana amchongee bunduki ya mti. Fundi aliichonga ikachongeka, na kipande cha chuma ndani ili iwe na uzito, na kifyatulio cha springi kinachokaza kidole. Jicho akachora nukta kwa kalamu ukutani sebuleni, chini ya kalenda. Akamsimamisha mkewe upande wa pili, karibu na kabati la vyombo, akaweka sarafu juu ya ncha ya mtutu.

"Sikiliza. Mambo ni matatu. Namba, pumzi, kidole. Namba: kabla hujalenga, soma kibao kilicho chini ya karatasi, uhakikishe ni yako. Kule karatasi zote zinafanana. Pumzi: toa nusu, bana. Kidole: vuta taratibu, kama unavuta uzi kwenye sindano. Sarafu ikianguka, una pupa."

"Hapa sebuleni namba ni ya nini? Nukta ni moja."

"Isome hivyohivyo. Mazoea."

Mama Mapacha akasoma kwa sauti, "Moja," akatoa pumzi, akavuta. Sarafu ikaanguka sakafuni, kilili. Jicho akacheka, akamrudishia. Ikaanguka tena. Hizo ndizo zilikuwa siku nzuri katika nyumba ile.

Kila jioni, mapacha wakishamaliza kazi za shule, Mama Mapacha alichukua ile bunduki yake ya mti akasimama karibu na kabati. Jicho alikuwa amejilaza chumbani na redio yake ndogo. Alisikia "Moja," kisha kimya, kisha kilili. Alitabasamu. Baada ya muda akawa anasikia kilili mara chache. Halafu mara moja moja. Halafu ikafika jioni ambayo alisikia "Moja," na klik ya springi, na "Moja," na klik, na sarafu haikuanguka hata kidogo. Jicho alizima redio ili asikie vizuri. Hakuna. Aligeukia ukuta, na hapo ndipo kijiba cha roho kilipoingia, kikatafuta mahali kikakaa.

Renji nako mambo yakawa yaleyale. Siku za mazoezi askari walilala kifudifudi juu ya maturubai, Mzee Baruti akipita nyuma yao taratibu, akigusa soli ya kiatu cha mtu kwa ncha ya kiatu chake anapotaka kumsahihisha. Alipofika kwa Mama Mapacha hakugusa kitu. Alisimama, akatazama kwa darubini, akatikisa kichwa.

"Mama, huo mkono umetulia kama umelala," alisema, na akasema kwa sauti, mbele za watu.

Jicho alikuwa amelala turubai la pembeni. Miaka yote hiyo Mzee Baruti hajawahi kumwambia yeye neno kama hilo. Alichokuwa akimwambia ni "haya" na "endelea." Roho ilimuuma mpaka akasikia ladha ya chuma mdomoni.

Dereva wa lori la gereza, mtu asiyejua kunyamaza, alikuwa wa kwanza kulisema kantini. "Jamani, tutafute jina jipya. Mama Mapacha ndiye Jicho sasa. Huyu tumwite Mume wa Jicho." Watu wakaangua kicheko. Jicho naye akacheka, kile kicheko cha kujikaza, meno nje. Chai ikamshinda kumaliza.

Kuanzia hapo hakutazama tena karatasi yake. Aliazima darubini ya mnarani, akawa anaiweka ubavuni pake, na kila mkewe alipopiga, yeye aliichukua haraka kuangalia risasi imeingia wapi. Ikiingia pembeni, moyo unatulia. Ikiingia katikati, anapiga ya kwake kwa hasira, nayo inakwenda kombo. Mzee Baruti aliona, maana yule mzee hakuna kilichompita. Siku moja aligusa soli yake.

"Namba yako ni ipi?"

"Nne, mzee."

"Na hiyo unayoitazama?"

Jicho akajifanya hamnazo, akapangusa darubini kwa shati.

"Wewe ndiye uliyekuwa unawafundisha makuruta kusoma namba," Mzee Baruti akasema, akapita zake.

Nyumbani alianza vituko. Eti mapacha hawalali kwa sababu ya zile klik. Mapacha walikuwa wanakoroma. Eti kabati litavunjika. Jioni moja alipitia dukani akanunua kiberiti kwa ile sarafu ya mazoezi, na kiberiti kingine kipo jikoni, kimejaa.

"Baba Mapacha, umeiona sarafu yangu?"

"Sarafu gani? Nyumba hii ina sarafu ngapi?"

Mama Mapacha alimtazama kidogo, akaenda kwenye kikapu cha kushonea, akatoa kifungo cha shati la zamani la kazi, la mumewe mwenyewe. Akakiweka kwenye ncha ya mtutu. Kifungo ni chepesi kuliko sarafu, kinateleza upesi. Hakikuanguka.

"Njoo tufanye wote," alimwambia, akimnyooshea ule mti. "Umekuwa unavuta kidole kwa hasira siku hizi. Nimekuona."

Lo! Umekuwa unavuta. Nimekuona. Jicho alihisi masikio yanawaka.

"Mimi? Na kijiti cha kuchezea? Mimi huko nilishatoka zamani, mama. Mimi ndiye niliyekupeleka."

"Najua," mkewe akasema. "Ndiyo maana nakuita."

Jicho akaingia chumbani akafunga mlango. Na kumbuka, mlango wenyewe ndio ule ambao baadaye mkewe aliufungua, akalala, akamvutia shuka. Hicho ndicho kilichomkera zaidi. Angekuwa na maringo, angemchukia vizuri.

Siku ya shindano jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Askari waliokuwa nje ya zamu walijaa nyuma ya kamba, mkuu wa gereza akawekewa kiti chini ya turubai. Kulikuwa na raundi mbili, kila raundi risasi tano. Katika raundi ya kwanza wengine wote walibaki nyuma, na mume na mke wakafungana pointi. Mzee Baruti akasema raundi ya pili ni ya hao wawili peke yao, kwenye karatasi mpya: Jicho karatasi ya nne, Mama Mapacha karatasi ya tano. Muda ukiisha, filimbi.

Walilala. Jicho alimsikia mkewe pembeni akinong'ona, "Tano." Pumzi. Mlio. "Tano." Pumzi. Mlio. Hadharani namna ile, kama kuruta! Jicho aliona haya kwa niaba yake. Yeye hakupiga. Aliamua amsubiri amalize, ajue anachotakiwa kukivuka. Mama Mapacha alipomaliza risasi zake tano na kuweka bunduki chini, Jicho akachukua darubini.

Akaona. Matundu matano yamekaa pamoja, mazuri, lakini yote yamevutwa kushoto kidogo, nje ya duara la ndani. Kaupepo, au bega. Furaha iliyompata, Mungu amsamehe, hakuwahi kuipata hata siku mapacha walipozaliwa salama. Alilitazama lile kosa mpaka likamwingia. Ya kwangu nitaipiga katikati, alisema moyoni, katikati kabisa, wabandike zote mbili kantini, ubavu kwa ubavu, dereva aje asome.

Akaweka darubini chini. Macho yake yalikuwa palepale yalipokuwa. Kila kitu kikatulia: moyo, bega, kidole. Kwa macho matupu karatasi zilikuwa vipande vyeupe tu kule mbali, na matundu hayaonekani. Alitoa pumzi nusu, akavuta kama anavuta uzi. Moja. Mbili. Alijua bila kutazama. Mtu wa shabaha anajua. Risasi ya tano ilipotoka hakuhitaji darubini. Alilaza shavu kwenye kitako cha bunduki akafumba macho, na mwaka mzima wa uchungu ukamtoka. Filimbi ikalia.

"Silaha chini! Simameni! Twendeni tukahesabu."

Wakatembea wote, Mzee Baruti mbele, mkuu wa gereza nyuma yake, na watu wakavuka kamba kufuata. Jicho alitembea kifua mbele. Alikuwa anawaza mahali pa kuweka redio yake kwenye kile kibanda.

Karatasi ya nne ilikuwa nyeupe.

Nyeupe kabisa, jamani, kama ilivyotoka stoo. Na karatasi ya tano ilikuwa na matundu kumi: matano upande wa kushoto, na matano katikati, yamebanana, ungeweza kuyafunika yote kwa kifuniko cha soda. Hakuna mtu katika kambi ile aliyewahi kupiga hivyo. Hata Jicho mwenyewe hajawahi.

Jicho alikuwa anatazama kibao cha namba chini ya karatasi, kimeandikwa tano, kikubwa, kwa rangi nyekundu. Kilikuwa hapo siku zote.

Dereva ndiye aliyesema wa kwanza. "Aa! Kamwachia! Jamani, mnaona? Kampigia mkewe! Huyo ndiye mwanamume!"

Watu wakalipuka. Makofi, vigelegele, mtu akampiga Jicho begani. Mume wa kweli! Mwenye mapenzi yake! Na Jicho, ambaye sekunde moja kabla alitamani ardhi ipasuke, akasikia hewa inamrudia. Mdomo wake ukaanza kutabasamu wenyewe. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia.

Mzee Baruti alinyanyua mkono. Hakuwa anacheka.

"Tusikilizane. Sheria mnaijua. Karatasi ikiwa na matundu mengi kuliko risasi za mwenyewe, mwenyewe anahesabiwa yaliyo bora. Mama Mapacha amepata zote katikati, na wa karatasi ya nne amepata sifuri. Hiyo ni iwapo alikosea tu. Lakini kama mtu kapiga makusudi kumpa mwenziwe, huo ni mchezo mchafu, na shindano hili limefutwa. Tutarudia wiki ijayo." Akamgeukia Jicho. "Sasa sema. Ulipiga makusudi?"

Hebu fikiria. Neno moja tu. Akisema ndiyo, shindano linarudiwa, na kwa mkono ule wa leo hakuna wa kumshinda. Kazi ya Mzee Baruti anaipata. Jina linarudi, na juu yake anapewa na lingine, la mume mwenye moyo. Akisema hapana, kambi nzima itajua macho yake yalikuwa wapi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Akamtazama mkewe. Mama Mapacha hakuwa anashangilia. Alikuwa amesimama mbele ya karatasi, kidole chake kwenye yale matundu matano ya kushoto, ya kwake, akiyapapasa moja moja. Kwenye kile kidole palikuwa na sugu ya springi ya fundi seremala.

"Ni kweli, Baba Mapacha?" aliuliza, kwa sauti ya nyumbani, kana kwamba wako wawili tu. "Umenipa? Ukisema umenipa, nitaamini."

Na angeamini. Hilo ndilo lililomzuia Jicho. Angeamini, angesema asante, angerudia wiki ijayo ashindwe, na jioni zote zile karibu na kabati zingekuwa zawadi ya mumewe. Wivu wake bado ulikuwepo, msidhani ulikwenda popote. Ulikuwa umekaa palepale ukimwambia, sema ndiyo, mjinga wewe, sema.

"Hapana, mzee," alisema. "Sikumpa kitu."

"Basi ilikuwaje?"

"Nilikuwa naitazama karatasi yake." Akaionyesha kwa kidole. "Niliona amekwenda kushoto, nikafurahi. Sikusoma namba. Mwaka mzima natazama karatasi yake. Yangu hata siijui ilivyo."

Hakuna aliyepiga makofi. Dereva aliangalia viatu vyake. Mzee Baruti akavua filimbi shingoni. Mkuu wa gereza aliitikia kwa kichwa, na kamba ya filimbi ikapita juu ya kofia ya Mama Mapacha, ikatulia kifuani pake.

Jicho alikaa nje hadi jioni, akizunguka kambi bila safari. Aliporudi nyumbani, mapacha walikuwa wanaandika kazi zao za shule chumbani kwao. Kwenye meza ya sebuleni alikuta kikombe chake cha bati, kimeoshwa. Pembeni yake ulikuwepo ule mti, na juu ya mti kifungo.

Mkewe alikuwa chumbani anapiga pasi sare. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Chakula kipo jikoni," alisema bila kutoka. "Kwanza fanya zako."

"Zangu zipi?"

Pasi tu, inakwenda na kurudi. Filimbi ilikuwa imetundikwa kwenye kitasa cha mlango, na Jicho alipoiona roho ilimuuma upya, palepale pa siku zote. Kisha, shingo upande, akauchukua ule mti, akaenda karibu na kabati la vyombo, akaweka kifungo kwenye ncha. Ukuta ulikuwa na nukta ileile, imefifia.

Akatoa pumzi nusu. Akavuta.

Kifungo kikaanguka, kikabiringika hadi chini ya meza.

"Nimesikia," sauti ikatoka chumbani. "Na hukusoma namba."

Jicho akapiga magoti, akaanza kukitafuta.